Sheria ya Kutofahamiana

“Huyu mimi simfahamu, na maji yangu namwagia nisiyemfahamu,” alisema Mama Rukia, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika ndoo tupu.

Chande, fundi cherehani wa nyumba ya pili, suruali imemlowa mpaka magotini, akajibu kwa adabu kubwa kwamba hata yeye mama huyu hamfahamu. Ila angependa kumwuliza mama asiyemfahamu kwa nini kila asubuhi, kwa miaka yote hii ambayo hawajafahamiana, maji yake ya dagaa yanaujua mlango mmoja tu mtaa mzima. Mama Rukia akasema maji hayana macho. Chande akasema macho hayana, lakini yana mwenyewe.

Kati yao alisimama Afisa wa Kuepushana, kijana nadhifu aliyeletwa kutoka mikoa ya mbali, ametega sikio kama kuku aliyesikia mtama ukimwagwa. Sheria haikukataza ugomvi. Ilikataza kufahamiana. Watu wawili waliruhusiwa kugombana mpaka jua lizame, mradi hakuna hata mmoja anayeonyesha kwamba anajua lolote la mwenzake. Sasa wewe uliyekulia uswahilini niambie, ugomvi wa namna hiyo una utamu gani? Mama Rukia alivumilia alivyoweza. Alisema “wewe bwana” na “wewe mpita njia” mpaka jasho likamtoka. Kisha ulimi ukamponyoka, akamwambia Chande kwamba ndiyo maana hata baba yake alihamia kwa mke wa muuza mkaa.

Afisa akainua kidole. Akauliza, taratibu kabisa, mama amejuaje habari za baba wa mtu asiyemfahamu.

Wakachukuliwa wote wawili: Mama Rukia kwa kosa la kujua, Chande kwa kosa la kujulikana. Waliowaona njiani wanasema walikuwa wakinong’onezana, wanasaidiana kupanga la kwenda kusema.

*

Msomaji asidhani watu wetu walikuwa wamerukwa na akili. Nchi yenyewe jina lake nimelihifadhi, maana nchi siku hizi zina wivu, ukiitaja moja jirani yake anadhani umemsema yeye. Ilikuwa nchi ya kawaida. Ina wimbo, ina bendera, ina Mkuu wa Nchi, na ina maofisa wanaoiba wakisaidiana na shemeji zao. Wananchi walipolalamika sana, Mkuu akaagiza itafutwe dawa. Dawa ya kwanza, ya kuwafunga wezi, ilionekana ni ya pupa na ingeacha ofisi nyingi bila watu. Ndipo mtu mmoja pale ikulu akakumbuka kwamba mtaa wa Kisimani amerudi msomi.

Msomi huyo ni Dakta Muhidini, mtoto wa mtaa wetu. Baba yake alifariki yeye akiwa anatambaa, mama akaolewa mbali, akabaki mikononi mwa shangazi yake, Bi Mwanamvua, muuza vitumbua wa kona ya kisima. Vitumbua ndivyo vilivyomvalisha viatu, ndivyo vilivyompeleka shule, na mpaka alipopanda ndege kwenda kusoma ng’ambo, koti lake lilinukia iliki. Kule alikaa miaka akichimbua jinsi wafalme wa kale wa China walivyowatawala maofisa wao. Shangazi alitueleza kwamba mwanawe ni daktari wa Wachina waliokwisha kufa, na sisi tukaona ni kazi nzuri, maana wagonjwa wa namna hiyo hawalalamiki.

Aliporudi, jioni tulikuwa tunajaa uani kwa Shangazi kumsikiliza, watoto wanakaa mpaka juu ya kinu. Utafiti wake wote ulihusu mwiko mmoja. Katika enzi za wafalme wa Qing, mtu aliyefaulu mitihani na kupewa utawala hakuruhusiwa kutawala mkoa aliozaliwa. Wa kusini alipelekwa kaskazini, wa pwani alipelekwa milimani, asije akawapendelea ndugu na waliomlea. Basi Muhidini anasimama, anatuigizia bwana mkubwa anavyowasili amebebwa kwenye kiti cha fahari, hajui lugha ya watu, hamjui hata mmoja. Anamwuliza karani wake, hawa wanaolia barabarani wanasema nini? Karani anamjibu, wanasema wamefurahi kukuona. Tulicheka mpaka tukashikana.

Na mwisho wa habari yenyewe alituambia bila kuficha. Mwiko ule haukuzuia wizi. Bwana mkubwa alikuwa anakuja na kuondoka, lakini karani mwenyeji habanduki, kazi anamrithisha hata mwanawe. Mgeni akatawala kwa jina, karani akatawala kwa mikono. Alisema sura hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwumiza macho, na ndiyo iliyompa udaktari. Kwa hiyo asije mtu akasema Dakta alikuwa hajui. Alijua. Na sisi tulijua kwamba anajua.

*

Haya ya ikulu niliyapata kwa aliyekuwa anapitisha chai, na yeye huwa haongezi chumvi ila pale inapopungua.

Waziri Ngwenje, mtu wa tumbo la heshima na sauti ya kengele, alifungua kikao kwa hotuba. “Mheshimiwa Mkuu,” alisema, “adui wa taifa hili si wizi. Wizi ni moshi tu. Moto wenyewe ni kufahamiana. Nawaulizeni, mtu ataibaje na shemeji yake, kama hajui kwamba huyo ni shemeji yake?”

Wakapiga makofi, wa kwanza wakiwa mashemeji wa Waziri.

Akaitwa Dakta Muhidini aeleze mwiko wa Wachina. Akaeleza vizuri, kwa majina ya wafalme na mikoa, mpaka mzee mmoja wa baraza akalala kwa heshima. Mkuu akamsikiliza, halafu akauliza swali moja tu. “Na huko China, ilifaa?”

Mpitisha chai anasema Dakta alifungua mdomo. Mbele yake palikuwa na kiti cha ngozi, kipya, na jina lake limekwisha kubandikwa nyuma. Akakitazama kile kiti. Akameza mate.

“Ilidumu miaka mingi sana, Mheshimiwa,” akasema.

Mkuu akafurahi kupita kiasi. Kudumu ndilo jambo alilokuwa analitafuta tangu siku ya kwanza.

Jioni hiyohiyo redio ikatangaza Sheria ya Kutofahamiana, na Dakta Muhidini akawa Mshauri Mkuu wa Taifa wa Mambo ya Kutofahamiana. Kwa kuwa Mkuu ni baba wa taifa, na baba hawezi kuambiwa asimjue mwanawe, ilikubaliwa kwamba sheria isimguse yeye, wanawe, wakeze, wakwe zake, wala mtu yeyote aliyewahi kula kwake. Wengine wote iliwagusa. Na kwa sababu Dakta angefanya kazi katika mji uleule aliokulia, ilibidi aape kwamba hakuna mtu anayemfahamu mjini humo wala yeye hamfahamu mtu. Akaapa. Akapewa Cheti cha Ugeni chenye muhuri wa dhahabu. Shangazi alipoelezwa akasema hizo ni karatasi tu za serikali, mtoto wake ni mtoto wake, akakoroga unga wa vitumbua vya kumpelekea. Getini vikarudishwa. Askari alisema Mheshimiwa hapokei kitu kutoka kwa watu anaowafahamu, wala kwa asiowafahamu.

*

Mwanzoni sheria iligusa wakubwa tu, tukashangilia. Kisha ikashuka ngazi. Bi Staha, mkunga wetu, alihamishiwa nyanda za juu kwa sababu nusu ya mtaa alikuwa ameifahamu kabla haijazaliwa. Timu yetu ya mpira ilikatazwa kupasiana, maana pasi ni dalili ya maelewano ya siku nyingi, na mechi iliyofuata tulijifunga wenyewe mara nyingi kuliko tulivyofungwa. Mazishi yakawa yanasimamiwa na watu wa mbali, ikatokea marehemu mmoja akaombewa dua kwa jina la mtu aliyekuwa amesimama nyuma anafuta machozi.

Lakini penye taabu zaidi palikuwa kwenye salamu. Watu wetu ugonjwa wao ni salamu. Afisa alikuwa anasimama njiapanda anahesabu nyayo za maneno. Mtu akisema habari, akajibiwa nzuri, hao hawafahamiani, wapite. Akiendelea, za watoto, hapo anasogea karibu. Akifika kwenye mguu wa bibi, umepoa au bado unavimba, pingu zinatoka. Ikawa tunasalimiana kwa kope. Ukimwona mtu ana kikohozi cha ghafla ujue amepita kwa mama mkwe wake.

Na hao maofisa wageni walimjua nani? Hawakumjua mtu. Hawakujua njia ya mbele ni ipi na ya nyuma ni ipi. Kwa hiyo sheria ikaruhusu kila ofisi iwe na mtu mmoja tu wa kujua, akaitwa Mjuzi wa Mtaa. Kisimani nafasi hiyo aliipata Songoro, mtu ambaye kazi yake yote ya awali ilikuwa kukaa vibarazani mwa watu na kuuliza wamepika nini. Akanunuliwa kofia. Afisa akitaka kujua nani ameoa, anamwuliza Songoro. Nani ana deni, Songoro. Nani amekufa, Songoro. Mzee Pongwa alisahau kumpitishia kitu kidogo, akasikia kwamba amefariki. Alipokwenda ofisini kukanusha, akaombwa kwa upole alete shahidi asiyemfahamu, athibitishe kwamba yu hai.

Hapo ndipo tulipoanza kutazamana. Habari hii tulikwisha kuisikia, uani, tukaichekea.

*

Songoro alikuwa na jicho na ile nyumba ya Shangazi. Nyumba ya kona, karibu na kisima, penye watu asubuhi na jioni. Akamwambia Afisa kwamba nyumba ile haina mwenyewe, kuna mama tu aliingia kujikinga mvua akazoea.

Afisa, kwa haki kabisa, akampa Shangazi nafasi ya kujitetea. Alitakiwa alete shahidi wa kuthibitisha kwamba nyumba ni yake. Shahidi huyo asiwe jirani, ndugu, mteja wala mtu aliyewahi kuonja kitumbua chake, kwa kuwa wote hao wanamfahamu na ushahidi wao una upendeleo. Awe mtu asiyemfahamu. Shangazi akauliza, asiyenifahamu atajuaje kwamba nyumba ni yangu? Afisa akakiri kwamba swali ni gumu, na kwamba ndiyo sababu kesi za namna hii huwa fupi.

Mlango mmoja tu ulibaki wazi. Mshauri Mkuu wa Taifa, kwa cheo chake, neno lake moja lilitosha kama ushahidi, hata akimsemea anayemfahamu. Sharti ni kwamba akishasema anamfahamu mtu wa mjini humu, Cheti cha Ugeni kinafutwa, na kiti kinapewa mwingine.

“Basi si mwanangu huyo,” akasema Shangazi. Akatoa sandukuni doti ya khanga ambayo hakuwahi kuivaa, akajifunga, akatoka.

Siku ya kesi ofisi ya mtaa ilifurika, waliokosa nafasi wakaning’inia madirishani. Afisa akaanza kwa kuuliza ukumbi mzima kama kuna yeyote anayemfahamu mama huyu, asimame. Sisi wote ni raia watiifu. Kila mtu akainama kutazama ndala zake. Sijapata kuona ndala zikitazamwa kwa makini namna ile, na wengi wetu tulizitazama tukiwa tumefungua kinywa kwa vitumbua vyake asubuhi hiyohiyo.

Gari jeusi likafika. Dakta Muhidini akaingia, suti ya kijivu, akapewa kiti. Hakumtazama Shangazi. Aliitazama saa ya ukutani, na saa yenyewe ilikuwa imesimama.

Shangazi akasema, “Sema tu unalolijua, baba. Mimi sitaki jingine.”

Lile neno “baba” lilisikika mpaka nje. Songoro akatabasamu chini ya kofia yake. Afisa akauliza kama Mheshimiwa Mshauri anamfahamu mama huyu.

Dakta akasimama, akaanza kueleza. Alieleza kwamba katika enzi za Qing, hakimu akiletewa kesi ya jamaa yake alitakiwa akae kando. Alieleza tofauti ya ndugu wa kuumeni na ndugu wa kukeni, na yupi aliepukwa zaidi. Alitaja mwaka, akataja mfalme, akausahihisha mwaka. Alizungumza muda mrefu, jasho linamtiririka shingoni, kama mtu anayetafuta mlango katika nyumba isiyo na mlango. Afisa akamshukuru kwa elimu yake, akarudia swali.

“Simfahamu,” akasema Dakta Muhidini.

Alilisema kwa sauti ndogo, lakini hata walioning’inia madirishani walilisikia. Nilidhani Shangazi atalia, au atatoa ile laana ya maziwa ambayo wanawake wa kwetu wanaiweka kwa siku ya namna hii. Wapi. Alimtazama yule mtoto, akaona jasho lilivyomlowesha kola ya shati. Akajitanda khanga vizuri.

“Samahani, Mheshimiwa,” akamwambia. “Nilikufananisha.”

Akatoka zake. Watu wakampisha njia, na hakuna aliyeweza kumtazama usoni.

*

Nyumba akapewa Songoro. Kwetu sisi Shangazi akaletwa na godoro lake na kikaango, tukabanana, nyumba ilikuwa imejaa tayari, na nyumba iliyojaa haihisi mtu mmoja zaidi. Kwa Afisa tuliandikisha kwamba ni mpangaji tusiyemjua.

Dakta magazeti yalimpamba. Yalimwita Mtu Asiye na Mtu, mfano wa uadilifu, na picha yake ikabandikwa shuleni, sokoni na kwa vinyozi wote. Waziri Ngwenje akatoa hotuba akasema kama taifa lingekuwa na watu kumi wasiojua walikotoka kama huyu, lingekwenda mbali. Na kweli, hazikupita siku nyingi Waziri huyohuyo akagundua tatizo. Dakta Muhidini sasa alifahamika. Alifahamika kuliko mtu mwingine yeyote nchini ukimtoa Mkuu. Wakampeleka mkoa wa mbali kabisa, penye mpaka na jangwa, asiko na mtu. Aliposhuka kwenye gari, watoto wachunga mbuzi wakakimbia kumlaki wakiimba jina lake. Wakamhamisha tena. Kila alipokwenda, picha ilikuwa imemtangulia. Mwisho ikatangazwa, kwa masikitiko na mizinga, kwamba katika nchi nzima hakuna mahali ambapo sheria inamruhusu kufanya kazi. Cheti chake kikachukuliwa ikulu kuwekwa kwenye kabati la vioo. Kiti akapewa shemeji yake Waziri, ambaye alithibitisha kwamba Waziri hamfahamu.

*

Alikuja Ijumaa, baada ya sala, saa ambayo kila nyumba inanukia.

Tulikuwa uani tumezunguka sinia: wali wa nazi, kisamvu, na papa mkavu. Mama Rukia na Chande walikuwepo, wameachiwa, wamekaa bega kwa bega kama watu wasiofahamiana. Juu ya ukuta, dirishani kwa ile nyumba ya kona tuliyopakana nayo, Songoro alikuwa ameegemea anachokonoa meno na kusikiliza, maana sheria ilikuwa bado sheria.

Mtu akasimama mlangoni. Suti ileile ya kijivu, imekunjana, viatu vimeota vumbi. Akasema hodi. Hodi ni ya Mungu, hata adui huitikiwa, lakini hakuna aliyeitikia. Mimi nikamega tonge jingine. Chande alichungulia sinia. Mama Rukia akafyonza, kidogo, akajizuia. Kijana wa watu akabaki pale pale kwenye kizingiti, mkono kwenye mwimo, macho chini, na ukiona mtu mzima anavyokuwa mdogo kwa aibu utatamani uwe wewe ndiye uliyekosa.

“Shangazi,” akasema.

Dirishani, kijiti cha meno kikasimama.

Shangazi Mwanamvua aliinua uso. Alilitazama lile dirisha, akamtazama yule mtu. Akajipangusa mkono, akanyanyuka kwa kujishika goti, akaenda kuchukua birika na beseni.

“Umefananisha, bwana,” akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka ukuta wa pili. “Hapa hatukufahamu. Lakini mtu wa njiani hapiti penye chakula akaachwa. Karibu ndani, mgeni.”

Akamwekea nafasi juu ya mkeka mpya, pale ambapo mwenye nyumba hakai, anakaa mtu wa mbali. Sisi tukasogea. Yeye akaja akapiga magoti, hakuweza kukaa. Shangazi akamshikia beseni kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akamiminia maji polepole, kwa heshima, kama ambavyo hajawahi kummiminia mtoto wa nyumbani.

“Sijui huko kwenu mnakula nini,” akamwambia. “Sisi huku leo tuna kisamvu. Nawa, mgeni, kinapoa.”